Kwa Mama Mudogo Aliyenirudisha Dispensari

Mama mudogo wangu,

Wewe hukupenda barua ndefu. Ulizisoma umesimama, unafunga kilemba, na ukifika katikati unauliza, "Sasa huyu anataka nini?" Leo nivumilie. Hii nimeichelewesha zaidi ya miaka sitini, na wewe umelala huko Kasai, mahali ambapo sijafika hata siku moja kung'oa majani juu ya kaburi lako.

Unikumbuke vile nilivyokuwa na miaka kumi na sita, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville na wakubwa wakituambia Katanga sasa ni nchi. Wewe, mdogo wa mama yangu, ulikuwa mkunga msaidizi katika dispensari ndogo ya mtaa wetu ulioitwa Kenya. Ulinichukua kwa sababu nilikusumbua: nataka kuwa muuguzi, nataka kuwa muuguzi, kila Jumapili wimbo ule ule. Nikabeba ndoo, nikachemsha sindano za vioo juu ya makaa, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri wa shule ya masista, ukanipa kuandika kadi za wagonjwa. Mwandiko ule! Nilijiona nao, acha tu.

Kwenye kadi kulikuwa na mstari wa kabila. Zamani hakuna aliyeujali. Kisha wakubwa wale wakaanza kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, watu waliozaliwa hapa, waliojenga hapa, wanachomewa nyumba na kuambiwa warudi kwao. Mume wako, Papa Mbuyi, alikuwa mmoja wao. Alianza kuingia nyumbani kwake kupitia uani kwa jirani, kama mwizi, yule baba mpole. Asubuhi moja ukatukusanya sisi wasaidizi.

"Kuanzia leo, ule mustari muuache wazi," ulisema. "Muntu akikuja, mumuulize anaumwa nini, basi."

Nilisikia, Mama mudogo. Sitasema sikusikia. Lakini masista walikuwa wametuchapa vidole kwa kila nafasi iliyoachwa tupu, na mkono wangu ulikuwa umezoea kujaza. Siku ile benchi lilijaa. Akaja mama mmoja na binti yake mgongoni, Ngalula, labda miaka miwili, ameharisha mpaka macho yameingia ndani. Nikaandika jina, nikaandika umri, kisha nikauliza kwa sauti ya mwanafunzi bora:

"Na kabila? Muko bantu ba wapi?"

Watu wa benchi zima wakainamisha vichwa. Mwishoni mwake alikuwa amekaa askari mmoja anayesubiri kufungwa bendeji mguuni, na yeye akageuza kichwa. Mama yule alinitazama. Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Alikaza kitambaa cha mtoto mgongoni, akasema polepole, "Nimesahau kitu ku nyumba. Niko nakuja." Akatoka. Nami, mjinga mimi, nikaiweka kadi yake pembeni nikimngojea.

Siku ya nne Papa Mbuyi alileta habari. Familia ile ilikuwa imekimbilia kambini, pale wakimbizi wa Kasai walipojazana chini ya ulinzi wa askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Walifika wazima wote, isipokuwa Ngalula. Alikufa njiani.

Maji ya chumvi na sukari, siku mbili tatu za kumwangalia, na mtoto angepona. Wewe ulijua, nami nilijua. Nililala kwetu nimegeukia ukuta. Mama yangu akasema basi, kazi hii si ya mtoto mwenye moyo laini, nitafute mahali pa kujifunza kushona. Nikakubali. Kushona hakuui mtu.

Ndipo ulipokuja, na sikuwahi kukuona na uso mkali vile. Hukunikumbatia. Ulileta sufuria ya sindano kutoka dispensari, ukaiweka uani juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ukaniita nitoke niangalie maji yachemke. Nililia mpaka kamasi, wewe umekaa kando unachambua mboga za mama yangu.

"Lia, mutoto wangu, lia," ulisema. "Lakini mikono isisimame."

Nikauliza utaniambia lini kwamba haikuwa kosa langu. Ukaacha mboga.

"Siwezi kukudanganya. Ni weye ulimuuliza. Lakini weye hukumufukuza na hukuchoma nyumba ya muntu. Beba yako, ya bengine waache babebe wenyewe." Kisha ukaniagiza: niende kambini, nimtafute yule mama, nimwambie kwa mdomo wangu. "Mwenye anaogopa kusema 'ni miye nilikosa', nitamwachia je mugonjwa?"

Nilikwenda siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana. Jioni nilirudi kwako nikakuambia amenisamehe. Weee, Mama mudogo, ulivyofurahi! Ulivua aproni yako nyeupe, ukanivalisha mimi, ikanifikia miguuni, na Papa Mbuyi akapiga makofi kama tuko kwenye arusi.

Kesho yake nilirudi dispensari. Nikabaki. Miezi michache baadaye ikawa zamu yenu ya kupanda treni ya wakimbizi kwenda Kasai, nchi ambayo wewe hukuwahi kuiona na ambayo mume wako aliiacha akiwa mtoto. Pale stesheni, katikati ya masanduku na kilio, ulinishika bega ukamwambia mwanamke usiyemjua, "Huyu anaweza kazi. Alimwangalia ule mama ku macho." Zikaja barua zako mbili. Ya tatu ilikuwa ya Papa Mbuyi, kwamba homa imekuchukua.

Nimeuguza watu kwa miaka arobaini. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, lakini kila Jumamosi nawafundisha parokiani vijana wanaotaka kuwa wauguzi. Kila mwaka mmoja wao anavunjika, na kila mwaka nawasimulia habari ya Ngalula na ya msamaha niliopewa kambini. Inawasaidia. Wanajifuta machozi, wanarudi wodini.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Gracia, miaka kumi na saba. Alikuwa kwenye mafunzo, akamwambia mama mmoja mwenye uchungu kwamba bado mapema, atembeetembee. Haikuwa mapema. Mtoto alitoka amekufa. Gracia alikuja kwangu amevimba macho: "Mama, weye ulifanyaka aje?" Nikamsimulia, kama kawaida. Akaondoka.

Jumamosi hii alirudi. Kumbe alikwenda! Alimtafuta yule mama mpaka mtaa wa Katuba, akagonga mlango, akasema ni mimi niliyekosea. Mama yule alimmwagia maji machafu ya vyombo na kumfukuza mbele ya majirani. Gracia alinihadithia hayo, kisha akasema, "Hakunisamehe. Lakini nilimwambia. Jumatatu naanza tena kazi." Halafu akaniuliza, kwa heshima kabisa, yule mama wa Ngalula aliniambia maneno gani hasa, maana yeye angependa kuyajua.

Nikamwambia nitamjibu Jumamosi ijayo.

Nilifika kambini, Mama mudogo. Nilimwona. Alikuwa amechutama mbele ya kibanda cha magunia, anamwogesha mtoto mwingine ndani ya beseni. Aliinua kichwa, hakunitambua, akauliza vizuri tu, "Unatafuta nani, mutoto?" Nikamjibu, "Hapana, mama, nimepotea." Nikageuka. Nilizunguka mitaani mpaka jioni, nikitunga msamaha wa kukuletea.

Nilikuwa naogopa ungenirudisha kushona. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Jumamosi ijayo nitawaambia vijana ukweli, Gracia akiwa amekaa mbele. Wewe nilipaswa kukuambia kwanza. Uliondoka na treni ile ukijivunia mtu ambaye sikuwa, na sikuthubutu kukuandikia ulipokuwa bado unaweza kunijibu.

Nakuaga kwa aibu na kwa mapendo,

Mtoto wa dada yako