Jani la Chini ya Kovu

Jumanne, 9 Julai 2024

Baridi ya Sumbawanga haina adabu. Sweta mbili na bado natetemeka. Mimi wa Tukuyu — nilidhani baridi naijua!

Nimekuja kukusanya majani ya michungwa kwa tasnifu yangu. Nimepata chumba kwa Mama Silvana, mjane, nje kidogo ya mji. Mkali wa usafi, mpole wa maneno. Nyuma ya nyumba ana kiwanja, na katikati ya kiwanja mchungwa mmoja mkubwa, umejaa matunda, shina limezungushiwa tuta la samadi. Kumbe kuna kesi. Shemeji yake, Zenon, anayekaa ng'ambo ya uzio, anasema mti ule ulipandwa na marehemu mama yake, kwa hiyo kiwanja ni cha ukoo. Mama Silvana hakujaliwa mtoto, basi arudi kwao Kaoze! Mama Silvana mwenyewe anasema aliupanda yeye, kwa mbegu aliyotoka nayo kwao alipoolewa na Beda. Baraza la kata litakaa mwezi ujao. Wamekubaliana wote: atakayethibitika kuwa mwenye mti ndiye mwenye kiwanja.

Leo tunamenya machungwa akaniuliza haya majani nayakusanyia nini. Nikajieleza, tena kwa mapozi. Ndani ya jani kuna vichembe vya kijani, kloroplasti. Vina vinasaba vyao wenyewe, na mchungwa huvirithi kwa mama tu. Baba analeta chavua, basi. Ukivisoma unajua mti upi ni mzaliwa wa upi, kurudi nyuma mpaka kule machungwa yalikoanzia. Akaweka kisu chini. Kwa hiyo jani linamjua mama yake? Nikasema linamjua! Mdomo wangu huu.

Dokta Lwitiko, msimamizi wangu, katuma ujumbe tena: Suma, kabla ya jani, kagua shina. Ananiona mtoto wa chekechea.

Jumatano, 17 Julai

Kaoze. Teremko lote nimefumba macho. Chini huku joto, sweta nimeikalia.

Mti wa kwao Mama Silvana bado upo. Kaka yake, mzee Calvin, kanikatia tunda. Danzi! Chungwa chungu lile, uso ulinikunjamana mpaka watu wakacheka. Sasa mbona la Sumbawanga ni tamu? Mama Silvana alishanieleza: baridi ya Ufipa kule juu ndiyo iliyoyatuliza. Baridi gani! Baridi ingezidisha ukali.

Ila — je, ua la danzi hapa Kaoze lilipata chavua ya mchungwa mtamu? Mama danzi, baba chungwa. Chotara! Hiyo ni sura nzima ya tasnifu yangu. Chakula kimenishinda kwa furaha.

Nimechuma majani hapa. Ya kwa Mama Silvana nilishachuma, matawi ya juu yanayopigwa jua, na ya mti ambao Zenon aliachiwa na mama yake. Yote yanakwenda maabara kwa basi, na baraza limesema litayasikia majibu.

Ijumaa, 23 Agosti

Majibu yamekuja. Nimeyasoma, nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikasoma tena.

Mti wa Mama Silvana na mti wa Zenon ni sawasawa, herufi kwa herufi. Danzi la Kaoze liko mbali kabisa. Hakuna chotara. Hakuna sura. Na asubuhi hii mama wa watu kaniwekea maziwa ya moto: kunywa, shahidi wangu.

Nimekasirika. Kwa nini alinidanganya?

Jumapili, 25 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa ametoka kanisani, hajavua hata viatu. Nikasema jani linaonyesha mti wake umetokana na mti wa mama mkwe.

Hakulia. Akauliza kama Zenon anajua. Bado. Akauliza kama nitasema hayo barazani. Nikasema sina namna, wameshaniita Jumatano, na siwezi kusema kingine.

"Mbegu niliifunga kwenye pindo la kanga, mwanangu. Nikaifukia kwa mkono huu."

Nilimwona mwongo, na mimi nikajiona mwadilifu kweli kweli.

Jumatatu, 26 Agosti

Ameukata!

Niliamshwa na shoka. Nilipofika nje mti ulishalala, machungwa yametapakaa mpaka mlangoni. Mama Silvana kafunga kanga kiunoni, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Sasa hilo jani lao wakalitafute, akasema.

Ili apate pa kukatia alikuwa amefukua lile tuta la samadi lililozunguka shina miaka yote. Kisiki kimebaki usawa wa goti. Nikakitazama. Nikapiga magoti. Kuna kovu limezunguka mti mzima, kama mkanda. Gamba la juu yake laini, la chini limepasukapasuka.

Mti ule ulibebeshwa. Chini ni mti mmoja, juu ni mwingine! Mtu alichukua kitawi cha mchungwa mtamu akakiunga kwenye mche uliokuwa umeshaota. Na mimi nilichuma majani ya juu tu.

Nikamuuliza nani aliubebesha. Hajui. Kisha akaanza kukumbuka, polepole. Mwaka mama yake alipougua alikaa Kaoze masika nzima kumuuguza. Aliporudi, Beda alikuwa anacheka peke yake. Ukimuuliza anacheka nini — wewe subiri uonje.

"Nikadhani ni baridi," akasema. Akaketi juu ya mti aliouangusha. "Kumbe alikwenda kwa mama yake kuniombea utamu. Na mimi nimemkata."

Hapo ndipo alipolia. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kagua shina, Suma. Samadi ya kufukua kwa jembe dakika chache! Nilikuwa nataka chotara wangu. Najichukia leo.

Jumatano, 28 Agosti

Barazani nimesema majibu kama yalivyo. Zenon akapiga makofi. Nikaeleza kovu. Akasema hilo ni jeraha la panga, na mtu mwenye haki hakati mti wa kesi. Watu wakaguna — wamemwelewa.

Gamba nililokwangua chini ya kovu nimeshalituma, ingawa Dokta ana mashaka nalo. Mwenyekiti Jafeti kaamua: kisiki kisiguswe. Kikichipua chini ya kovu, nichume jani mbele ya baraza, lipimwe. Likifanana na la Kaoze, kiwanja ni cha mjane. Zenon kakubali huku anacheka. Anajua kisiki kimekufa.

Mama Silvana karudi nyumbani mbele yangu, hakugeuka.

Alhamisi, 12 Septemba

Gamba halikutoa kitu. Wanataka jani bichi.

Chakula changu nakikuta mezani kimefunikwa. Shikamoo, marahaba, basi. Neno mwanangu limeondoka nyumba hii. Yeye kisiki anakimwagilia mwenyewe, na amekifunika tenga mbuzi wasikifikie.

Jumanne, 24 Septemba

Kimechipua! Chini ya kovu. Chipukizi moja, mwiba mrefu, majani matatu. Ndiyo, ni danzi, ningeapa — lakini kuapa ndiko kulikonifikisha hapa.

Baraza limekuja lote. Nilikuwa na mkasi na pakiti tayari. Mama Silvana akasimama kati yangu na kisiki.

"Hili silitoi."

Mwenyekiti Jafeti akamweleza kwa upole, mara mbili. Mama, bila jani hili tunashika majibu yale ya kwanza, na ya kwanza yanakutoa hapa. Akasema ameelewa. Zenon akasema mnaona? Anaogopa!

Wazee wamekwenda kula, tena kwa Zenon, wapi kwingine. Wamesema wakirudi wakute jani kwenye pakiti, la sivyo kesi imekwisha.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naandika ili mikono ipate kazi. Mama Silvana hajaketi. Nimeomba msamaha, kaitikia kwa kichwa. Nimemwambia nahitaji jani moja tu, safari hii shina nimeliona. Nimemwambia ni lake hili, la mbegu yake.

Akainama kuyatazama yale majani.

"Lile la kwanza ulisema linamjua mama yake. Likanikana mbele za watu. Na hili likinikana, mwanangu?"

Mwanangu, kasema. Nijibu nini? Mbegu alifukia yeye, lakini miche hufa, na mume anayecheka peke yake anaweza kupanda mwingine mahali pale pale asiseme. Nikimwambia haliwezi kumkana, nitakuwa nimesema tena nisichokijua.

Kwa Zenon wamemaliza kula, wameshanawa mikono. Nasikia viti vikisogezwa, na pakiti bado ni tupu.