Mlango wa Chuma Umefika Juu

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila mama bado amekununia kwa ile miwani uliyoikalia.

Ule mlango wa chuma umefika juu. Safari hii tulikata boksi saizi ya mlango, tukalipandisha kwanza kupima njia. Likakwama kwenye kona ileile ulipoumia mgongo, basi fundi akang'oa reli ya ngazi. Siku ile ulipoumia tulikuwa manahodha wengi, kila mtu anapiga kelele. Jana sauti ilikuwa moja, yangu, maana nilishika chini penye uzito. Niliposema "tua," hata fundi alitua. Ukuta haujachubuka, wala mtu.

Mama anaufunga na kuufungua huo mlango mpaka majirani wamelalamika.

Wewe endelea na mazoezi ya kutembea. Ukifika, bisha hodi, nitakufungulia mwenyewe.

Dada yako,
nahodha