Mtindi wa Wagiriki

Kawajense, Mpanda

Kwako Mayu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Apolinari. Natumaini mnaamka salama hapo Kabungu, na goti lako limepoa baada ya palizi. Sisi tu wazima. Barua hii anakuletea kaka Lyamba, muuza maziwa. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani anakaa nayo Baba, na haya nataka uyasikie wewe kwanza.

Mayu, mama mkwe wangu yuko hapa. Ndiyo, yule yule Mama Romana. Apolinari alimleta kutoka kijijini kwao Mamba kwa matibabu, malaria ilimshika vibaya. Homa ikaisha, ila chakula kikamshinda. Uji mchungu, mchuzi mchungu, hata wali wa mpunga wake mwenyewe hautaki. Niliogopa, sikufichi. Unajua alivyogoma kuja kwenu kuposa, eti ng'ombe wa Wasukuma walimaliza shamba lake, mwanawe akitaka Msukuma aoe peke yake. Na ng'ombe wenyewe hata hawakuwa wetu! Mpaka leo majirani wananiita mke wa mtu, Baba ananiita mgeni. Sasa huyo mama akinifia mikononi, nani atakuja tena kuposa?

Ndipo nikamwona dada mmoja kwenye simu akitengeneza chakula cha Wagiriki, cha baridi, mtindi na matango, cha kuchovyea mkate. Nikasema hiki kitapita kooni. Lakini mtindi wa Kigiriki Mpanda hii utaupata wapi? Nikachukua mgando wa kaka Lyamba, yale maziwa yake yaliyoganda, nikaufunga kwenye kitambaa safi, nikauning'iniza msumarini juu ya sufuria. Asubuhi maji yote yalikuwa chini, na mtindi mzito, kijiko kinasimama. Matango nikamenya, nikatoa mbegu, nikakwaruza. Kwenye chumvi nikasita. Nilikusikia kabisa ukisema chumvi haikai na maziwa, ng'ombe atakauka. Basi nikaiacha. Mayu, nilipata supu! Matango yalimwaga maji yote mle ndani. Mara ya pili nikayatia chumvi yakiwa peke yake, nikayaacha yatoe maji, nikayasuuza na kuyakamua mpaka viganja vikauma. Ndipo nikachanganya, na kitunguu saumu, limau na mafuta kidogo ya alizeti. Unisamehe. Kaka Lyamba anasema ng'ombe wake bado wanakamuliwa vizuri tu.

Nilipompelekea aliuliza ni nini. Ningesema ni maziwa ya Wasukuma angegeukia ukutani, kwa hiyo nikasema ni chakula cha Wagiriki. Akauliza Wagiriki ndio akina nani. Apolinari akamwambia ni wale Wayunani wa kwenye masomo ya kanisani, Wakorintho na Wathesalonike, waliokuwa wakiandikiwa na Mtume Paulo. Weee! Mama akajiinua kitandani. Akachovya kiazi kitamu, akachovya tena, akasema kumbe ndiyo maana Mtume hakuchoka kuwaandikia. Toka siku hiyo akawa anaagiza mwenyewe, leteni cha Wakorintho. Akina mama wa jumuiya walipokuja kumwona, aliwasifia chakula hicho mpaka nikakimbilia jikoni kwa aibu.

Maana kila sifa ilinichoma. Nikaona nitakuwa mkwe wa uongo maisha yangu yote. Jana nikakaa chini karibu naye nikamwambia ukweli, kwamba ni mgando wa Lyamba, wa ng'ombe wa Wasukuma wenzangu. Hakuacha kula. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Dirisha lake liko upande wa geti, na kila asubuhi anatusikia mimi na Lyamba tukipiga soga kwa Kisukuma. Akaniuliza tangu lini Wagiriki wanapita Kawajense na baiskeli. Kisha akasema alikuwa anatafuta jina la kulia chakula chetu tu, kwa sababu maneno aliyokwisha kuyasema juu yetu yalimkaba koo kuliko malaria.

Mayu, akipata nguvu ya kupanda gari anakuja huko. Yeye mwenyewe, pamoja na kaka yake, mzee Isidori. Wanakuja kuposa. Nililia mbele yake, sikuona haya.

Najua na wewe uliapa kwamba mama yule hatakula ugali kwenye nyumba yako. Nakuomba, kiache kiapo hicho. Baba nakuachia wewe, unajua wakati wa kumweleza jambo. Kitu kimoja tu nataka ukijue. Mama mkwe anaogopa. Hasemi, lakini naona. Amenilazimisha nimfundishe kusalimia kwa Kisukuma, na kila asubuhi anajaribu mwangaluka, na kila asubuhi linamponyoka, linatoka neno sijui la wapi. Siku hiyo akisimama uani kwako akakosea mbele za watu, usimsahihishe, Mayu. Itikia tu.

Nisalimie Baba, na Malale mdogo wangu, na wote wanaoniulizia. Nyie mbaki na amani.

Ni mimi mwanao,
Kabula