Blanketi Chini ya Zulia la Gari

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Gari usiliwashe, mimi nimeenda kazini kwa miguu.

Asubuhi nilipoliwasha, nikasikia harufu ya kuungua chini ya miguu. Nikainua zulia ulilobandika juzi. Uliniambia umetandika sufu maalumu ya kuzuia kelele na joto. Mbona ina maua mekundu kama blanketi la mama yangu, lile uliloapa kwamba limeibwa kwenye kamba? Limeungua pale juu ya bomba la moshi.

~~Sikuulizi kitu.~~ Nakuuliza, fundi mzima: blanketi na moto wapi na wapi?

Jana jirani alinisimamisha akakusifu, eti gari ulilomtengenezea sasa limetulia, halina kelele. Nikaona raha. Sasa niambie, mapazia ya chumba cha watoto yako wapi?

Mama watoto