Ukuta Uliotoa Matope

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo naandika kwa sababu kuna jambo naogopa kumwambia mtu aliye hai.

Unakumbuka tulipokuwa tukichota maji kwenye shimo la mchanga katika mto uliokauka? Nilikuwa darasa la tatu. Ulisimama ghafla ukanishika mkono. "Mwikali, toka!" Tulipofika ukingoni, mafuriko yalikuwa yamebeba mtungi wetu. Juu jua linawaka. Mvua ilinyesha mbali, milimani. Tangu siku ile niliyaogopa maji, na kwa kuyaogopa nikayasoma, hadi shahada ya udaktari chuo kikuu, mwanamke peke yangu kwenye maabara ya fizikia, nikipima jinsi maji yanavyopenya mchangani. Nawe ukiwaambia wenzako kanisani, "Wangu anasomea maji," wanacheka.

Ya kule Mutomo, nilikotumwa kukagua bwawa, hukuyaona. Bwawa la udongo lilikuwa limejaa kwa mara ya kwanza. Chini ya ukuta niliona maji yakichuruzika, yana matope. Nikawa nayateka kwa chupa kila asubuhi, na kila asubuhi matope yalizidi. Ukuta ulikuwa unaliwa kutoka ndani.

"Daktari, ukuta mpya hutoa jasho," msimamizi wa bwawa aliniambia.

"Jasho halina matope."

Akaenda zake.

Jumapili nikamwomba pasta nafasi, nikawaambia watu wa bondeni wahame. Mama mmoja akauliza, "Na ukuta usipobomoka?"

"Mtarudi mnitukane."

Wakahamia kanisani na kuku na magodoro yao, wakinung'unika. Siku ya kwanza ukuta ukasimama. Ya pili pia. Watoto wakaanza kunizomea. Siku ya tatu Mzee Mutua, mmoja wa waliohama, akasema amechoka kulala sakafuni, akarudi bondeni kwa ng'ombe wake bila kuaga. Mchana huo ukuta ukaenda na maji.

Mwili wake tuliupata mbali, umenaswa kwenye miiba.

Waliopona hunishukuru hadi leo. Wanafunzi wangu huniita jasiri. Wewe tu naweza kukuambia: asubuhi ya siku ile ya tatu nilijifungia chumbani nikamwomba Mungu ukuta ubomoke, nisiaibike. Sikujua Mutua amerudi. Lakini niliomba, mwaitu.

Sasa nimeitwa niende Nuu, kuna bwawa lingine linalovuja. Kukosea hesabu hakunitishi. Naogopa nitakachokiomba nikiwa nimepatia.

Pumzika. Usinifikirie vibaya.

Ni mimi,
kifungua mimba wako