Ukumbi Usio na Baraza

Soweto, Moshi
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Elisifa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepoa kidogo kwa joto la huko Masasi. Mzee hajambo? Mikorosho imeanza kutoa maua? Sisi huku tunaendelea vizuri. Baridi imeingia, mlima umejificha siku nyingi, na ng'ombe wa mama kazaa ndama jike, kwa hiyo kule Machame wana furaha.

Simu ingetosha kwa salamu. Haya mengine nashindwa kukuambia huku nasikia sauti yako.

Nianze na baba mdogo Isack. Mwezi wa nne tulikuambia kwamba mdogo wako ana mafua. Hayakuwa mafua. Alilazwa kwa homa ya mapafu, akawekewa oksijeni, na kuna siku tulidhani hatarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyewaomba wote tukufiche. Sasa amepona, anazunguka kihambani kwenye migomba yake na kugombana na wakata majani kama kawaida yake. Naomba unisamehe kwa kukuficha. Lakini kuna zaidi ya hapo.

Unaukumbuka ukumbi wa zamani karibu na soko, ule ulimofanyiwa sherehe ulipoolewa? Ulijengwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, wa matofali ya matundu, na baraza pana lililouzunguka. Akina mama wa Kilema walisubiria gari pale na mikungu yao. Mama Rukaiya aliuza chai na chapati. Baba mdogo akishapeleka maziwa, alikaa hapo mpaka mchana akicheza drafti na mzee mmoja wa Kipare na fundi viatu Msambaa.

Kuta zilipasuka, ukabomolewa, na kazi ya kuchora mpya nikapewa mimi. Maelekezo yalisema jengo lioneshe Utanzania. Tangu nimalize chuo sijapata kufurahia kazi namna ile. Utanzania wa pale niliujua ulipo: ulikuwa barazani. Nikachora ukumbi wa kawaida tu, lakini baraza lake pana kuliko la zamani, na benchi za zege kandokando.

Mzee Primus, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliutazama mchoro muda mrefu. Si mtu mbaya, Shangazi, anaupenda mji huu.

"Hii ni nyumba ya kijijini," alisema. "Ukiweka baraza, umekaribisha soko. Sisi tunataka jengo la Taifa."

"La Taifa likoje, Mzee?"

Akanionesha picha kwenye simu yake, jengo la vioo vya bluu na nguzo ndefu, sijui la nchi gani. "Hivi. Mtu akipita ajue nchi imeendelea."

Maneno nilikuwa nayo. Nilitaka kumwambia kwamba pale Mchagga, Mpare na Msambaa walikaa benchi moja bila kuulizana makabila, na kwamba nchi yetu haijajenga kitu kikubwa kuliko hicho. Lakini wajumbe walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Niliogopa kuonekana mshamba, nikaogopa na kazi kupewa mwingine. Nikasema nitarekebisha. Jioni ile ile nikalifuta baraza.

Siku ya ufunguzi ilikuwa ya masika hasa. Wageni tulikaa ndani. Mvua ilianza kunyesha wakati wa hotuba ya kwanza, na walinzi wakafunga milango kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa. Kisha tukasimama kuimba wimbo wa Taifa. Nilikuwa karibu na kioo. Nikaangalia nje.

Mama Rukaiya alikuwa amesimama juani kabla ya hapo, sasa kasimama mvuani, ndoo ya chapati kaifunika kwa khanga aliyoivua kichwani. Kando yake alikuwa baba mdogo. Wimbo ulikuwa ukiwafikia kupitia vipaza sauti. Alikuwa amevua kofia yake, mikono ameinyoosha kando, maji yanamtiririka shingoni, naye anaimba. Wengine wengi walisimama vivyo hivyo. Hapakuwa hata na pa kuegemea, ukuta wangu ulikuwa laini na wima mpaka chini. Mimi niliimba mpaka mwisho, Shangazi. Sikutoka. Nilikuwa nasubiri kutajwa jina.

Baada ya siku chache akaanza kukohoa.

Nilipompelekea mtori wa ndizi hospitali, nilikuta anamwambia nesi, "Huyu ndiye aliyejenga ule ukumbi wa vioo. Mtoto wetu." Kila nesi aliyeingia aliambiwa. Siku ya tatu sikuweza tena kuvumilia.

"Baba mdogo," nikamwambia, "nilikuwa nimechora baraza. Wakalikataa, na mimi nikakubali."

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Kwani hukuwaambia kwamba tupo?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilirudi kwenye kamati bila kuitwa, nikayasema yote niliyoyanyamazia mwanzoni, na habari ya baba mdogo pia. Mzee Primus alisikiliza huku ameinamisha kichwa, maana hakujua kwamba kuna walioachwa mvuani. Hawakukubali kugusa sura ya mbele, lakini upande wa sokoni tumeezeka kibaraza cha bati na kuweka benchi. Kilikamilika mwezi uliopita.

Nilidhani watu watarudi. Mama Rukaiya amehamia stendi, ameshapata wateja kule. Baba mdogo anasema drafti atacheza nyumbani. Kibarazani anakaa mlinzi peke yake.

Jana mvua ndogo ilinikuta sokoni, nikaenda kukaa pale. Akapita mama mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, akasimama ukingoni, penye matone ya bati.

"Dada, hapa panaruhusiwa?"

"Panaruhusiwa, mama. Karibu ukae."

Akautua mkungu wake, akausukuma taratibu mpaka chini ya bati. Yeye mwenyewe akabaki amesimama nje, anaitazama milango ya vioo, mpaka mvua ilipokatika.

Shangazi, nisalimie Mzee, Loveness na wanawe. Baba na mama wanakusalimu sana, na baba mdogo anasema ukija uje na korosho za kukaanga. Ukimpigia, mwache akuambie mwenyewe kuhusu hospitali. Usimwambie nimelia nikiandika.

Mungu aliyetulinda na masika hii akulinde na wewe, akupe usingizi mwema na goti lisilouma.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nikuombaye radhi,

Aikande