Fundo la Kisogoni

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia tena nywele za watu saluni kwa Zuhura. Nusu si nywele, ni rasta. Hakuna anayesuka kama mjukuu wangu huyu Nachingwea nzima. Simwambii, atavimba kichwa.

Leo kaja Salma, bibi harusi wa tarehe kumi na sita. Ana picha kwenye simu: marehemu bibi yake, Asumini, siku anaolewa. Asumini rafiki yangu! Mama yangu alitusuka sote wawili siku ile, mkeka mmoja, mtindo mmoja. Salma anataka nywele zile zile. Lakini picha inaonyesha mbele tu. Nikasema nyuma naijua mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimedanganya. Sijui.

Niandike ukweli hapa, ndiyo faida ya herufi alizonifundisha marehemu mume wangu. Darasani sijakaa hata siku moja. Aliyesuka ni mama, mimi nilikalishwa tu. Mistari mitano inatoka usoni, inakwenda kukutana kwenye fundo kisogoni. Inakutanaje? Tumejaribu mara tatu kwenye kile kichwa cha plastiki. Haifanani. Zuhura kafumua bila kunilaumu. Hilo linaniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Shangazi yake Salma kaja kutoka Ruangwa. Binti wa Asumini huyu, nimembeba mgongoni. Kasema wageni wanatoka Dar, hataki mtoto wao aonekane wa shamba. Eti hiyo ni twende kilioni, mistari ya haraka ya kwendea msibani, si ya harusi. Tusipomwonyesha kitu cha maana Jumatano, Salma anapelekwa saluni nyingine.

Zuhura kaitikia sawa, shangazi. Mimi nimeendelea kufagia. Mwanamke mzima anamwonea aibu mama yake mzazi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimevua kitambaa.

Miaka mingi hakuna aliyeona kichwa changu, hata Zuhura. Mbele upara, nyuma nywele nyeupe chache, zinatosha mistari mifupi. Nikakaa chini, katikati ya magoti yake. Nikamwambia suka, mke mwenzangu, nitakwambia panapouma. Mikono yangu haijui, lakini mama alinivuta kichwa mpaka nyusi zikapanda. Kichwa hakijasahau.

Kavuta. Si hapo. Kavuta. Si hapo.

"Bibi, unanisumbua kuliko maharusi wa mjini."

Suka.

Halafu akashusha mistari miwili ya pembeni nyuma ya masikio, akaipishanisha juu ya ile mitatu, akakaza. Nyusi zikapanda. Nikalia kama mtoto. Hapo.

Jumatano, 13 Agosti

Nywele za Salma zina dawa. Zinateleza, fundo linafumuka. Mama alitumia mafuta ya ufuta na uzi mweusi, basi. Zuhura kaingiza rasta ngumu kila mstari, kashona fundo kwa sindano, kachovya ncha kwenye maji ya moto. Likakaa. Nilitaka kubisha, nikaghairi. Mama angeiba ile sindano.

Shangazi kafika, katazama, kasema huu ni ushamba uliopakwa jeli.

Nikasimama kichwa wazi, nikamgeuzia kisogo, na fundo lile la Jumapili. "Tazama vizuri, mwanangu. Mama yako aliolewa na hili. Kama ni ushamba, umezaliwa nao."

Kamwambia Salma ainuke waondoke. Salma hajainuka. Shangazi katoka peke yake bila kuaga.

Jumamosi, 16 Agosti

Ruangwa, harusini. Wanawake walikuwa wanamzunguka Salma kwa nyuma, wanatazama fundo, wanauliza nani kasuka. Zuhura hakupata hata nafasi ya kula. Mimi nimekwenda bila kitambaa, upara na yote. Wanitazame.

Shangazi alizunguka mbali nami mpaka chakula kikaja. Ndipo akakaa karibu. Akaniuliza polepole kama fundo lilikuwa likimuuma mama yake. Nikasema lilimuuma, siku mbili alilala kifudifudi, huku akicheka.

"Hakuniambia."

Hukumuuliza, nikasema. Nikamwekea nyama yangu kwenye sahani yake.

Jumapili, 17 Agosti

Nandagala, kijijini. Nimefika nyumbani. Kuku wote wapo. Nimefagia uwanja.

Zuhura alisema nikifika nifumue, nipumzike. Mchana nimejinyoosha, kisogo hakitaki mto. Nikalala ubavu.

Panauma pale pale. Sifumui.